Ekzosi Inayoamsha Mtaa: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinalalamikia kitu kimoja: pikipiki ya zamani iliyofungwa ekzosi isiyo yake. Tuelewane maneno kwanza. "Bomba la mbele" ni lile jembamba linalotoka kwenye hedi ya injini. "Kopo" ni mwili mnene wa nyuma unaotakiwa kumeza kelele. "Sailensa" tunaitumia kama inavyosemwa gereji, yaani injini ikinguruma yenyewe bila kuvutwa resi, ingawa neno hilo kwa asili lilikuwa jina la kopo lenyewe. Ndivyo maneno yanavyohama.

Shikamooni mafundi. Nina Honda CG125 ya zamani niliyoinunua mkononi kwa mtu. Ekzosi ya asili haipo. Aliyeniuzia alifunga ile fupi inayong'aa, yenye tundu kubwa nyuma. Ukichungulia unaona mpaka ndani. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na mtoto mchanga wa jirani huamka kila siku. Mama yake amenisema mara mbili kwa upole, ya tatu sitaki ifike. Fundi mmoja ameniambia nichomelee kipande cha bati nyuma nikitoboe tundu dogo. Nikubali? – Msomaji, Sakina, Arusha

Marahaba, ndugu. Hilo bati usilichomelee bado. Ukianza nalo litakuficha ugonjwa wenyewe, na huenda usilihitaji kabisa.

Kelele ya ekzosi ni mbili ndani ya moja: mdundo na mpasuko. Injini ya silinda moja ya stroki nne huwaka mara moja kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huwaka mara 3,000, sawa na mara 50 kila sekunde. Huo ndio mdundo, sauti nzito inayopenya ukuta na kumfikia mtoto hata dirisha likiwa limefungwa. Mpasuko ni sauti kali inayokaa juu yake, kama mtu anachana bati. Pamba iliyomo ndani ya kopo hula mpasuko vizuri sana. Mdundo pamba haiuwezi. Unataka nafasi ya kutosha ndani ya kopo na njia nyembamba, ndefu, ya kutokea. Ukitumia dawa ya mmoja kumtibu mwingine utarudi gereji kila mwezi.

Pima kabla ya kugusa kitu, la sivyo hutajua kama umesogea. Pakua programu yoyote ya kupima desibeli kwenye simu. Peleka pikipiki mahali pa wazi, mbali na ukuta, shika simu sentimita 50 kutoka tundu la ekzosi, kimo sawa na tundu, upande wa nje kwa nyuzi 45. Wapimaji rasmi huendesha injini kwa nusu ya mizunguko inayotoa nguvu ya juu. Kwa CG125, ambayo nguvu yake ya juu iko karibu mizunguko 9,000, hiyo ni 4,500. Kama huna mita ya mizunguko, weka alama ya kalamu kwenye mkono wa resi uwe unarudi pale pale. Namba ya simu yenyewe usiiamini sana. Amini tofauti kati ya kabla na baada, kwa simu ile ile na mahali pale pale. Ikishuka desibeli 10, sikio litaona kelele imepungua kama nusu.

Sasa tafuta uvujaji. Injini ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, iwashe, kisha vaa glavu nene uzibe tundu la nyuma kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde mbili au tatu. Mfumo uliofunga vizuri utaikaba injini ikaribie kuzimika. Ukisikia "shii" au ukiona mapovu, umempata mwizi. Penye masizi meusi kwenye ungio pia panavuja, hata kama leo pako kimya. Mahali pabovu kuliko pote ni penye hedi, kwa sababu moshi unaovuja hapo haujapita kwenye kopo hata kidogo. Pale pana gasketi ya duara ambayo hubanwa ikalala mara moja tu. Ukishafungua, weka mpya. Nati zake nyingi ni za spana namba 10, na stadi zake (boliti zisizo na kichwa) hukatika kirahisi kwenye pikipiki yenye umri. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, ufungue asubuhi. Wakati wa kufunga, kaza huku na huku kwa zamu, robo mzunguko kila upande, ili mdomo wa bomba ukae sawa. Zamu moja upande mmoja na gasketi imekwisha.

Ukishaziba uvujaji, pima tena. Wapo watakaoishia hapo.

Wewe pengine hutaishia hapo, kwa sababu ya hilo tundu unalochungulia. Ekzosi hizo za kung'aa hutengenezwa zifunge pikipiki za kila ukubwa, kwa hiyo mrija wake wa ndani wenye matundu huwa mpana, milimita 38 mpaka 51, halafu huwekwa kipunguzio mbele ili uingie kwenye bomba jembamba la pikipiki ndogo. Moshi wa injini ya sisi (cc) 125 unaingia humo kama mtu mmoja kwenye ukumbi wa harusi: unapita katikati bila kugusa ukuta. Pamba iliyobaki pembeni ni kidogo, na njia ya kutokea ni lango. Dawa ya kweli ni kubadilisha mrija wa ndani.

Toa kopo kwenye pikipiki. Ribiti za mwisho wa kopo ziondoe kwa drili. Kama ni za milimita 4.8, kekee (ncha ya drili) ya milimita 5 inatosha, na toboa kichwa tu, usipanue tundu. Gonga kifuniko kwa nyundo ya raba taratibu kikizunguka. Ndani utakuta pamba nyeusi iliyokatikakatika, au hutakuta kitu. Vaa barakoa na glavu, lowesha pamba kuukuu kwa maji kabla ya kuitoa, maana vumbi la nyuzi za kioo linawasha ngozi na kuumiza kifua.

Mrija mpya utengeneze kwa bati la stenlesi lenye matundu, unene wa milimita 1, matundu ya milimita 3 yaliyopangwa kwa kupishana, milimita 5 kutoka kitovu cha tundu mpaka kitovu cha jingine. Mpangilio huo huacha karibu theluthi moja ya bati ikiwa wazi, ndicho kiasi kinachotakiwa: ukipunguza sana sauti haifiki kwenye pamba, ukizidisha pamba inapulizwa nje. Kata bati upana wa milimita 100, likunje juu ya bomba la kipenyo cha milimita 28, acha lipandane milimita 8 au 9, na mchomeleaji alishike kwa nukta kila sentimita 3. Utapata mrija wa ndani milimita 28, nje 30. Mbele uungane na kipunguzio, nyuma uingie kwenye kifuniko bila kuacha mwanya.

Pamba nunua ya nyuzi ndefu za kioo au ya basalti, ile inayouzwa kwa ajili ya ekzosi. Kiasi chake ni gramu 100 mpaka 150 kwa kila lita ya nafasi. Chukua mfano: kopo lenye kipenyo cha ndani sentimita 9 na urefu 30, mrija wa sentimita 3 katikati, linabaki na nafasi ya lita 1.7. Hapo unahitaji gramu 170 mpaka 255. Pima kwa mizani ya jikoni. Kwanza zungushia mrija tabaka moja la stiliwaya ya stenlesi, ile ya mikunjo ya kusugulia sufuria, ili ipokee joto na msukumo wa kwanza. Juu yake vingirisha pamba, ikaze kwa uzi wa kawaida wa pamba (utaungua wenyewe siku ya kwanza), kisha sukuma kifurushi ndani ya kopo. Kiingie kwa kubana kiasi, kama mto kwenye foronya. Kikiingia kwa kupigwa nyundo umeshindilia mno, na pamba iliyoshindiliwa huwa kama ukuta: sauti inagonga na kurudi.

Funga kwa ribiti za stenlesi. Za alumini zitalegea. Silikoni nyekundu ya joto paka ukingo mwembamba chini ya kifuniko cha nyuma tu, iache usiku mzima kabla ya kuwasha. Kwenye hedi usiipake, joto la pale linaishinda.

Hesabu moja ya urefu wa kopo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kopo likiwa na ujazo wa mara kumi ya injini, linaanza kunyamaza. Injini ya sisi 125 inataka walau lita 1.25. Kopo la urefu wa sentimita 20 na kipenyo 9 lina lita 1.27 tu, tena kabla hujaweka mrija. Kama lako ni hilo fupi kabisa, fanya yote haya na utapata nafuu, lakini mdundo utabaki. Kwa uzito wa kazi yenyewe, ni heri utafute kopo la urefu wa sentimita 30 au zaidi kabla hujaanza kukata bati.

Ndipo tunafika kwa lile tundu la fundi wako. Mdundo ukibaki, usichomelee bati la kuziba. Weka kipande cha bomba kinachoweza kutolewa, urefu wa sentimita 10 mpaka 12, kiingie kwenye tundu la nyuma kikielekea ndani, na kishikwe na boliti moja ya milimita 6 yenye wosha ya springi. Bomba refu jembamba linatuliza mdundo kuliko bati lenye tundu la ukubwa ule ule, kwa sababu hewa iliyomo ndani yake ina uzito wa kupinga kusukumwasukumwa. Anza na kipenyo cha ndani cha milimita 24, endesha, pima. Halafu 22. Halafu 20, ikibidi. Mpaka ni huu: eneo la tundu lisiwe chini ya nusu ya eneo la bomba la mbele. Bomba la mbele la milimita 25 kwa ndani lina eneo la milimita za mraba 491, nusu yake ni kama 245, na hilo ni tundu la milimita 18. Chini ya hapo injini inakabwa: inakosa pumzi kwenye mwendo wa juu, inachemka, na plagi inajaa masizi.

Mwisho kabisa, plagi. Panda mlima mfupi gia ya tatu, zima injini huku umekamata klachi, simama, fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake mafuta yamezidi hewa. Hilo litegemee, kwa sababu aliyekuuzia huenda alipandisha namba ya jeti kubwa (kitundu cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta) ili iendane na ekzosi ya wazi, na Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga au Dar. Kabureta huko tayari inamimina kuliko inavyotakiwa. Shusha jeti hatua moja, jaribu tena. Usiruke hatua mbili kwa mara moja.

Na ukishamaliza, mwambie yule mama. Akisikia mwenyewe bila kuambiwa ni vizuri, ila akiambiwa ni vizuri zaidi.

Nilijaza stiliwaya ya dukani kwenye ekzosi ya Boxer yangu. Ilinyamaza wiki mbili, sasa inapiga kuliko mwanzo na inatema vipande vyeusi. – Msomaji, Pasua, Moshi

Stiliwaya ya kawaida, ile laini ya kijivu, ni chuma kitupu cha nyuzi nyembamba. Ndani ya ekzosi inapata joto, mvuke wa maji na oksijeni kidogo, vitu vitatu vinavyolisha kutu. Nyuzi zikishaliwa zinakatika na moshi unazitupa nje. Vipande vyeusi unavyoviona ndivyo hivyo. Kelele imezidi kwa sababu sasa kopo halina kitu kabisa, hata ile pamba kuukuu ulipoitoa ilikuwa inasaidia kidogo.

Vipande vilivyobaki vinaweza kuziba matundu ya mrija, kwa hiyo fungua, piga brashi ya waya ndani na nje ya mrija, uone mwanga kwenye kila tundu. Kisha fuata kipimo cha pamba tulichompa msomaji wa Sakina. Watu wengine hutumia pamba ya kuzuia joto inayowekwa kwenye dari; ina gundi inayoungua, utasikia harufu kali siku ya kwanza na baada ya hapo inajikunja upande mmoja. Nyuzi zake pia ni fupi. Magunia, nguo za zamani na mchanga, ambavyo navyo tumeulizwa, havistahili jibu refu: viwili vya kwanza vinawaka moto.

Nina Yamaha ya stroki mbili, ya kazi za shambani. Ni ya siku nyingi. Kelele yake imekuwa kali na inatoa moshi wa bluu na matone ya oili kwenye mkia. Niipunguze tundu la nyuma? – Mzee msomaji, Marangu

Shikamoo mzee. Hapana, tundu la nyuma la stroki mbili lisiguswe. Ekzosi yake haifanyi kazi ya kunyamazisha peke yake. Ule mwili unaonenepa katikati na kusinyaa mwishoni hurudisha wimbi la shinikizo kwenye silinda kwa wakati maalumu, likazuia mafuta mabichi yasitoroke. Kipenyo cha mkia kimepimwa kulingana na hilo. Ukikisinyaza, joto linarudi kwenye pistoni, na pistoni ya stroki mbili ikizidiwa joto inatoboka kichwani au inanata kwenye silinda. Utakuwa umenunua ukimya kwa bei ya injini.

Tatizo lako kwa maelezo hayo ni oili na kaboni. Stroki mbili huchoma oili pamoja na mafuta, na ile isiyoungua inaganda ndani ya mrija wa mkiani na kulowesha pamba kama ipo. Pikipiki nyingi za aina yako zina mrija mdogo ndani ya mkia unaoshikwa na skrubu au boliti moja. Ifungue, uvute mrija kwa koleo huku ukiuzungusha. Ukigoma, pasha moto sehemu ya nje kwa tochi ya gesi, mbali na tangi na mbali na nyasi. Kaboni ikwangue, au uchome mrija huo peke yake kwenye moto wa mkaa mpaka masizi yageuke majivu, kisha uupige brashi. Mafundi wengine hulowesha kwenye maji ya kostiki soda. Kwa chuma inafaa, ila ivaliwe glavu na miwani, na isiguse kamwe kitu cha alumini, itakila.

Ukirudisha mrija, weka skrubu yenye wosha ya springi. Kelele kali mara nyingi huanza siku mrija huo ulipodondoka barabarani bila mwenyewe kujua, kwa hiyo angalia kama bado upo. Kisha tazama oili: kama pampu yake imefunguliwa mno, au kama oili inachanganywa kwa mkono kwa kukadiria, moshi wa bluu hautaisha. Fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yako.

Nikishuka mlima nikaachia resi, ekzosi inapiga risasi. Hata mbwa wanakimbia. – Msomaji, Usa River

Mafuta yasiyoungua yanakutana na hewa ndani ya bomba la moto, yanalipuka humo. Hewa hiyo mara nyingi inaingilia penye gasketi ya hedi: ukiachia resi, bomba hunyonya kidogo, na mwanya ambao hutauona wala kuusikia unatosha. Anzia hapo.

Gasketi ikiwa nzima, nenda kwenye skrubu ndogo ya kabureta, ila angalia iko upande gani. Ikiwa upande wa chujio la hewa, ni skrubu ya hewa, na ukiifungulia unaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, ni ya mchanganyiko wa mafuta, na ukiifungulia unaongeza mafuta. Watu huharibu hapa kwa sababu fundi amewaambia "fungulia kidogo" bila kuuliza. Ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa ya moto, sogeza robo robo mpaka sailensa itulie juu kabisa, halafu punguza sailensa kwa skrubu yake kubwa. Milipuko ya kushuka mlima hutokana na mafuta pungufu kwenye jeti ndogo, kwa hiyo ongeza robo mzunguko upande wa mafuta uone.

Hapa kijiweni wanasema ekzosi ikitulizwa pikipiki inakosa nguvu na inakula mafuta. Kweli? – Bodaboda, Majengo, Moshi

Ikizibwa, kweli. Ikitulizwa kwa kopo kubwa, mrija mzuri na pamba, hutaona tofauti barabarani. Ekzosi za kiwandani ni kimya na pikipiki hizo hizo ndizo zinapanda Kibosho zikiwa na abiria na gunia la ndizi. Kinachowadanganya watu ni sikio: kelele inaonekana nguvu. Wengi waliofunga ekzosi ya wazi bila kugusa kabureta wamepoteza nguvu ya chini, ile ya kuondokea na mzigo, wakapata kidogo juu kabisa ambako bodaboda hafiki. Kama unataka ushahidi, chagua mlima mmoja, uzito mmoja, gia moja, utazame mwendo ukifika kileleni kabla na baada. Hiyo haina ubishi wa kijiweni.

Naweza kutumia kipande cha bomba la maji kutengenezea mrija au mkia? – Msomaji, Njiro

La mabati, hapana. Zinki yake ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaoleta homa, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye. Tumia bomba jeusi la chuma au stenlesi. Na uchomeleaji wote ufanyike kopo likiwa limetolewa kwenye pikipiki, pamba yenye oili ikiwa imeshaondolewa. Mtu akikulazimisha mchomelee likiwa limefungwa, basi walau chomoa betri na soketi ya sidiai (CDI), kile kisanduku kinachoendesha cheche ya plagi.

Nimebadilisha pamba, nimeziba uvujaji, bado injini inagonga "tak tak tak". – Msomaji, Sanawari, Arusha

Hiyo si ekzosi. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha valvu na mpini sikioni. Ikigonga hapo, valvu zinataka kurekebishwa. CG125, kwa mfano, huwekwa mwanya wa milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa. Ekzosi ikipungua kelele, sauti za injini ambazo zilikuwa zimefunikwa zinajitokeza, na wengi hudhani wameharibu kitu.

Masikio yananipigia filimbi jioni nikirudi nyumbani. Naendesha kutwa, ekzosi yangu ni ya wazi. Je, polisi nao wanaweza kunikamata kwa kelele? – Bodaboda, Kiboriloni, Moshi

Filimbi hiyo ni sikio linalolalamika. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Kutuliza ekzosi kutakusaidia wewe, abiria na watu wa barabarani. Lakini ujue kwamba upepo wenyewe, kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hufikisha karibu desibeli 90 ndani ya helmeti. Kwa hiyo, ukienda safari ndefu ya lami, vaa pia vizibo vya sponji vya masikioni. Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, kiingize, ukishikilie nusu dakika kijae. Honi bado utaisikia. Filimbi ikiendelea mpaka asubuhi, nenda ukapimwe.

Kuhusu sheria, kelele na mitetemo zina kanuni zake za 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Trafiki wa barabarani naye hahitaji mashine kukuambia usimame. Anakusikia kabla hajakuona.

Ekzosi yangu inadondosha maji asubuhi. Pamba mpya itaharibika? – Msomaji, Tengeru

Maji ni ya kawaida. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke, na bomba likiwa baridi, hasa Juni na Julai, mvuke unageuka matone. Ukiendesha dakika ishirini yanakauka. Wanaoenda dukani na kurudi ndio wanaoozesha kopo, kwa sababu halipati joto la kutosha. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya kopo, pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya pembeni. Litaongeza kelele kidogo sana, na litakuongezea miaka ya bati. Likizibwa na tope, pitisha waya.